Vitambaa vya Jumamosi

Wasifu wa marehemu husomwa yeye akiwa tayari amefungiwa ndani ya sanduku, na nadhani waliopanga hivyo walijua wanachofanya. Kule Kabazi, siku tulipomzika Wanjiru, kijana mmoja wa kwaya alishika kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma kama mzee mwenye pumu, akasoma: "Marehemu alikuwa mwanafunzi hodari sana. Alisoma Nakuru hadi karibu na mtihani wa mwisho, ndipo akaacha shule kwa hiari yake ili aanze familia." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilikuwa nimekaa chini ya hema la kukodi kando ya Yunisi, maana sisi wawili na marehemu tulisoma pamoja, nikamgusa kwa kiwiko. "Umesikia? Kwa hiari yake." Yunisi akafungua mkoba akatazama ndani kana kwamba jibu amelisahau humo. Mimi nimeuza nguo sokoni Nakuru karibu maisha yangu yote, na mtu akitaja bei ya uongo mbele yangu ulimi huniwasha. Lakini matanga si soko. Nilinyamaza mpaka jeneza likashuka. Sasa sioni sababu ya kuendelea kunyamaza, maana wote ambao wangekasirika wamekufa au wanajifanya hawasikii vizuri.

Mwaka alioacha shule ulikuwa wa Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, katikati ya miaka ya hamsini. Mji ulikuwa na kafiu, usiku hakuna kutoka nje, mtu mweusi hatembei bila karatasi, na sisi wasichana tuliokuwa tukitoka Bondeni kila asubuhi kwenda shule tuliambiwa tuhamie bwenini au tuache masomo. Ndivyo mimi Zuhura, mtoto wa Kiislamu wa mjini, nilivyojikuta katika chumba kirefu cha mabati pamoja na wasichana wa mashambani walioomba Mungu kwa sauti kabla ya kulala, kila mmoja akimshinda mwenzake. Chumba kile nakikumbuka kwa pua: mafuta ya taa, blanketi zisizokauka, na vumbi jeupe la ziwani lililopenya chini ya mlango kila upepo wa kiangazi ulipovuma. Chakula kilikuwa uji asubuhi, posho na maharagwe mchana, maharagwe na posho jioni. Wadudu wa kwenye maharagwe niliwahesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa kinyaa, mara ya pili kwa sababu ndiyo nyama pekee tuliyopewa. Kitanda cha Wanjiru kilipakana na changu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kusema ukweli hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa hodari wa hesabu za sokoni. Yeye alikuwa hodari wa zile za ubaoni, ambazo hakuna anayejaribu kukupunja. Alitaka kuwa mwalimu. Mtihani wa mwisho ndio uliokuwa mlango, na kwa binti wa mkamua ng'ombe wa Mzungu huko upande wa Subukia, mlango mwingine haukuwapo.

Kila Jumamosi baada ya uji tulipanga foleni nyuma ya bafu, mbele ya Matroni Dorkasi. Alikuwa mama mnene wa kanisa, funguo kiunoni, kijiti mkononi, karai miguuni. Msichana aliyekuwa mwezini wiki hiyo alitakiwa kuonyesha kitambaa chake kabla hakijafuliwa. Matroni alikiinua kwa kijiti, akatazama, akasema "Pita," nacho kikadondoka karaini. Hakuandika kitu popote. Kichwa chake kilikuwa ghala. Msichana aliyepitisha miezi miwili bila kuonyesha aliitwa kando, akabonyezwa tumbo, na kabla wiki nyingine haijaanza vizuri godoro lake lilikuwa limekunjwa. Huko ndiko kuliitwa kutulinda. Tunalindwa dhidi ya nini, hilo hatukuambiwa, sawa na mlinzi anayekupiga rungu usiku kucha kisha asikuonyeshe mwizi.

Si kwamba hatukufundishwa. Alhamisi tulikuwa na kipindi cha Usafi, na Madam, mkuu wa shule, Mzungu aliyevaa soksi hata jua likipasua mawe, alikuja mwenyewe na chaki za rangi akatuchorea ua. Aliueleza ule unga wa manjano, na nyuki anayeubeba kutoka huku kuuleta kule, na mbegu inayokua ndani. Ua lilikuwa zuri kweli. Wanjiru akainua mkono. "Madam, na kwa watu, nyuki ni nani?" Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Wanjiru hakucheka, alikuwa ameshika kalamu, anangoja jibu. Madam aliiva uso, akafuta ua kuanzia kwenye mizizi, akatuambia tutoe vitambaa vya kudarizi. Kitabu cha sayansi kilikuwa kimoja, na kurasa zake za katikati zilikuwa zimegandishwa kwa gundi. Tuliwahi kujaribu kuzibandua kwa mvuke wa uji. Tulichopata ni uji kwenye kitabu.

Mimi nilikuwa na bahati ambayo wale wenzangu hawakuwa nayo. Kwetu Bondeni msichana akivunja ungo hutafutiwa somo, mwanamke asiye mama yake, mwenye ruhusa ya kusema yale ambayo mama hawezi kuyasema huku akikutazama. Wangu alikuwa Bi Rukia, mjane aliyeishi chumba kimoja chenye jiko la makaa, harufu ya udi, na pazia lililogawanya kitanda na kila kitu kingine. Alinikalisha kwenye mkeka, akanipa kaimati na kahawa ya tangawizi, akaanza bila bismillahi ya aibu. "Mwanangu, damu si gari moshi la Kampala, haina ratiba ukutani. Njaa huichelewesha. Hofu huichelewesha. Msiba huichelewesha. Mwanamume naye huikatiza, na huyo akikwambia ni mara moja tu, mwambie hata mwizi huiba mara moja tu." Alinieleza mimba inaingiaje na inatokaje, nani hufa nayo na kwa nini. Akaniambia askari waliorudi kutoka vitani Bama walileta mipira ya kuvaa, na kwamba Mhindi wa dawa anayo chini ya kaunta, kwa wanaume. "Mwanamke akiiulizia, huambiwa duka limefungwa, na mlango uko wazi hivi." Wale wasichana wa mashambani zamani wangefundishwa na nyanya zao. Kanisa lilikuwa limewakataza nyanya. Sibishi, katika mafunzo yao kulikuwa na wembe wa tohara, na wembe haukuwa na la kutetewa. Lakini walipouchukua wembe walichukua na maneno, na pale maneno yalipokuwa hawakuweka kitu, hata ua lenyewe walilifuta.

Mahali pasipo na duka, mwenye mzigo hufungua. Mimi nilifungua kwenye masinki ya kufulia. Niliuza kwa sukari guru, kwa kipande cha mkate, kwa zamu ya kufagia, na bei ilitegemea swali.

"Zuhura, ukikalia kiti alichotoka mwanamume?"

"Hilo la bure. Hapana."

"Na ukiruka ukuta, si mimba inatoka?"

"Unavunjika mguu, na mimba inabaki palepale ikikucheka. Lete sukari."

"Huo mpira, wanavaa wapi? Kichwani?"

"Kichwani, mvua isiwanyeshee."

Walicheka mpaka wakalowana. Kisha nikawaeleza, wakaacha kucheka, na mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo kuna namna. Kumbe siku zote kuna namna." Wanjiru nilimwambia bure, kwa sababu alinifundisha hesabu za sehemu. Yunisi ndiye aliyelipa vizuri kuliko wote. Alikuwa mtu mzima katikati yetu, maana siku hizo shule ilipatikana kwa kuchelewa, na ilijulikana kwamba mwalimu wa kwaya wa shule ya wavulana alimtafuta sana kwa mazoezi. Alilipa bila kupatana. Mtu asiyepatana huwa tayari ana shida. "Na ikiwa imeshachelewa?" aliniuliza, akikamua soksi iliyokuwa kavu. Kwa swali hilo sikuwa na bidhaa.

Kulikuwa na waliokuwa nazo. Muhula huo nilipangiwa zamu ya kuandaa chai nyumbani kwa Madam, na siku moja mgeni wake alikuwa mke wa daktari. Walizungumza Kiingereza kana kwamba mimi ni birika. Mgeni alisema siku hizi mambo yamekuwa rahisi, vifaa vya kuzuia uzazi vinapatikana, kabati lake limejaa, wake wa wakulima Wazungu wanakuja mmoja mmoja kuchukua. Halafu akasema, "Na hawa wasichana wako? Ungewaambia angalau yale ya msingi."

Madam akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Ukimwonyesha mtoto mlango ulipo, atatoka."

"Wanatoka hata hivyo, mpenzi. Kwa dirisha."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaopendana. Kisha Madam akaniuliza kama keki imebaki. Nikaleta keki. Nimewahi kufikiri sana juu ya ile keki. Ilikuwa na zabibu kavu.

Sasa, biashara ya vitambaa mimi niliikuta pale. Msichana aliyechelewa aliazima kwa aliyepata. Aliyepata alichana chake vipande viwili, akaonyesha nusu, nusu akampa mwenzake aliyesimama mbali kwenye foleni. Kila mtu alifanya, wenye kosa na wasio na kosa, kwa sababu kijiti cha Matroni hakikujua tofauti. Yunisi aliazima mwezi wa kwanza, akaazima wa pili, akaanza kuvaa sweta kwenye jua. Na mwezi huohuo, Wanjiru naye akatimiza wa pili bila kupata.

Sababu yake niliijua kama ninavyojua vidole vyangu. Mama yake na wadogo zake walikuwa wamepakiwa kwenye lori la serikali kupelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika. Baba aliachwa shambani kwa kuwa ng'ombe hawajikamui. Tangu habari ile ifike, Wanjiru alikuwa akisukuma sahani yake kwa yeyote aliyekaa mbele yake. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Mwanamume pekee aliyewahi kumsogelea alikuwa mchungaji, kumpa Biblia, tena kwa mkono ulionyooshwa. Nilimwambia, "Chukua nusu ya changu. Bure. Nikikupa kitu bure ujue hali ni mbaya."

"Siwezi kuonyesha damu ya mtu mwingine niseme ni yangu."

"Hatakuuliza ni ya nani. Anasema pita tu."

"Mungu anajua ni ya nani."

"Mungu hashiki kijiti, Wanjiru."

Akanitazama kwa huruma, mimi, kana kwamba mwenye shida ni mimi. "Nitasema ukweli. Si wao ndio wanatuambia tuseme ukweli?"

Jumamosi ilipofika Yunisi alikuwa mbele. Akaonyesha nusu ya kitambaa cha mtu mwingine, akaambiwa pita. Wanjiru akasimama mikono mitupu. "Matroni, mimi sina. Mwezi uliopita pia sikuwa nayo. Tangu mama aende." Matroni akamvuta karibu, akambonyeza tumbo mbele yetu sote, tumbo ambalo ukilibonyeza unafika mgongoni.

"Ya nani?"

Wanjiru hakuelewa. "Yangu," akasema.

"Mjeuri pia."

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Madam kupatana, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokijua. Nilisimama barazani, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba njaa na hofu huzuia damu, ampeleke hospitali wampime, na akikutwa na mimba atufukuze wote wawili. Haikuwa bei mbaya. Wawili kwa mmoja. Hakuuliza habari ya njaa. Aliuliza, "Nani amekufundisha mambo haya?"

"Somo wangu, Madam. Nyumbani."

Nikapewa jembe na uwanja wa nyasi mpaka mwisho wa muhula. Wanjiru akapewa karatasi ya kusafiria na nafasi juu ya lori la maziwa. Aliondoka na sanduku lake la mbao kichwani, sare amevuliwa, na nakumbuka alisimama langoni akafunga kamba ya sanduku upya, taratibu, kama mtu ambaye bado anatarajia kuitwa.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, alipokuja kununua nguo za shule za wanawe kibandani kwangu. Damu ilikuja kwenye lori. Kabla hata ya kufika Subukia, katikati ya madebe matupu ya maziwa. Alikaa juu yake akamshukuru Mungu kwa sauti, dereva akadhani anaimba. Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu. Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye foleni, tukamwona anaingia langoni kwa miguu. Baba yake alikuwa amemwomba Mzungu ruhusa ya bintiye kusafiri, akaambiwa hapana, akaomba tena, akapata. Wanjiru alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mkononi alishika kifurushi cha gazeti. Hakupanga foleni, alikwenda moja kwa moja mbele, akapiga goti kidogo kwa heshima, akakifungua.

"Matroni, imekuja. Hii hapa. Ni yangu kabisa."

Matroni hakukiinua hata kwa kijiti. Alikitazama pale gazetini, kisha akatutazama sisi, foleni nzima, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na macho yake yalipofika kwa Yunisi hayakusimama. "Umeazima kwa nani?"

"Sijaazima. Ni yangu."

"Wewe msichana. Unafikiri mimi ni mjinga? Unafikiri sijui kwamba hapa vitambaa vinatembea?"

Basi alijua. Siku zote alijua, na kila Jumamosi alisema pita, pita, pita, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuona kitambaa, si kumwona msichana. Waongo aliwapitisha kwa kitambaa. Na mkweli aliyetembea kutoka shambani alipokileta chake, kikawa ndicho kitambaa pekee katika shule nzima kilichoitwa cha kuazima. Nilisema kwa nguvu, "Matroni, ni chake, mpimeni," na wengine wawili watatu wakaguna nyuma yangu, lakini mimi nilikuwa tayari msichana wa jembe. Yunisi alitazama ardhi. Simlaumu Yunisi. Nimeipiga hesabu hii mara mbili, na mara elfu juu yake, nikitafuta msichana wa kumlaumu, na kila mara jumla inatoka barazani kwa Madam, penye chai.

Wanjiru alikunja gazeti lake. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaondoka nalo. Mtihani tulifanya bila yeye. Yunisi aliufanya akiwa amejifunga shuka tumboni, akapita, akajifungua likizo, mtoto akaachwa kwa nyanya, na mwalimu wa kwaya akahamishiwa shule kubwa zaidi. Baadaye Yunisi akawa muuguzi. Alifanya kazi hiyo vizuri, sina neno. Aliwahi kuniambia kwamba wasichana wa shule walipokuja kuulizia dawa za kupanga uzazi, aliagizwa awaulize kwanza cheti cha ndoa. "Na uliwauliza?" "Niliuliza," akasema, "halafu nilikuwa naangalia nje kwa dirisha, droo iko wazi." Nikamwambia hiyo ndiyo bei nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

Baada ya mazishi tulipewa chakula. Mjukuu wa Wanjiru, msichana wa kidato cha tatu, mrefu, mwembamba, nilimtambua kabla hajajitaja, alituletea mukimo na chai. Nikamwambia asimame kidogo. Nikamwambia, bila kupunguza, kwamba cucu yake, nyanya yake huyu tuliyemzika, hakuacha shule kwa hiari, na kwa nini. Mama yake akapita na sufuria, akasikia, akasema, "Mama Zuhura, tafadhali, si mbele ya mtoto." Nikamwambia mtoto huyu ana umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama yako siku ile. Akaondoka na sufuria yake. Yunisi safari hii hakutazama mkobani, alisema, "Ni kweli. Mimi nilikuwa mbele yake kwenye foleni."

Nilitegemea msichana ashangae. Alikuwa akifuta trei kwa kona ya leso, polepole. "Kwa hivyo ni hiyo," akasema.

"Hiyo nini, mwanangu?"

"Cucu alikuwa anatukagua. Mimi na sista yangu, na mathe huyu aliyepita na sufuria, wakati alikuwa mdogo. Kila mwezi lazima umwonyeshe. Tulikuwa tunachukia sana. Hata akiwa mgonjwa, kitandani, haoni vizuri, anasema leta nione."

Nikamuuliza alikuwa anasema nini akishaona.

"Anasema, 'Nimeona mimi mwenyewe. Mtu yeyote akikuambia umeazima, mlete kwangu.'"

Yunisi akaweka kikombe chini. Mimi nikaanza kuhesabu viti vilivyobaki chini ya hema, nikavimaliza, nikaanza upya, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuyapeleka macho.